Wapangaji wa Chumba cha Bluu

Mpwa wangu mpenzi Asteria,

Pokea salamu za mjomba wako kutoka Phillips, mtaa wa huku Marekani ambao theluji ikianguka hata mbwa huomba ruhusa ya kutoka. Naiandika barua hii wazi, kwenye kijigazeti chetu cha kanisani ambacho Wambui anatuchapia, kwa sababu nikikupigia simu nitatia chumvi, na safari hii sitaki. Karatasi humtia mtu haya kidogo. Isitoshe, wasomaji wa hapa wananijua. Wanajua kuwa mimi ndiye Mluguru wa kwanza kuvuka Mto Mississippi kwa miguu, bila daraja, kikapu cha vitunguu kichwani. Wanaouliza kama mto ulikuwa umeganda, huwa nawajibu kwamba hilo ni swali la mtu asiyetaka kusikia hadithi.

Unakumbuka siku uliyoshuka uwanja wa ndege? Ilikuwa Desemba, ndiyo kwanza umemaliza shule kule Australia. Kwenu ni kiangazi na wenzako wako ufukweni, wewe ukanijia na viatu vya wazi na kijisweta cha kwenda misa ya asubuhi. Ulipotoka mlangoni ukasimama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua. Ukaniambia, kwa Kiswahili chako kile cha kuokoteza, kwamba kwenye simu nilikuahidi baridi ya hapa ni sawa na ya kijijini kwetu Matombo mwezi wa saba. Nikakujibu ni ileile, ila hii imesoma.

Nikakuvisha koti langu, likakufika magotini. Mimi nikaenda na shati hadi kwenye gari, nikikusimulia jinsi nilivyomeza kaa la moto utotoni na tangu hapo sisikii baridi. Uliniangalia meno yakinigongana, ukanyamaza. Adabu hiyo ni ya mama yako. Dada yangu Kristina hajapata kumwambia mtu muongo, humtazama tu mpaka mtu ajiambie mwenyewe.

Ulikuja kuandika maombi ya vyuo. Wasomaji wajue hapo: huyu mpwa wangu alizaliwa Morogoro, akachukuliwa na wazazi wake angali mdogo, baba yake alipopata kazi ya kilimo huko Australia Magharibi, ndani kabisa, kwenye mashamba ya ngano. Amekulia huko, ni raia wa huko, na alitaka kusoma Marekani. Kwa hiyo alikuwa anaomba kama mgeni kutoka nchi ambayo nayo alikuwa mgeni. Chuo kimoja kiliona ametokea Afrika, kikamtaka athibitishe kwamba anajua Kiingereza. Ukaniuliza, Asteria, kama uwaimbie wimbo wa taifa wa huko.

Tulikaa jikoni kwangu, wewe na karatasi zako, mimi na viazi vyangu. Ukanisomea ile insha ya kujieleza, ukinigeuzia Kiswahili sentensi moja moja. Mungu wangu. Nusu ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu. Uliwaamkia wale watu wa ofisi ya kuandikisha wanafunzi, ukawauliza hali zao na familia zao, ukawaombea afya njema, kwa sababu mama yako alikuonya kwenye simu usivamie watu wazima na shida zako bila kuwajulia hali. Baada ya hapo ukaandika kwamba wewe ni mwanafunzi wa kawaida, kwamba walimu wamekuvumilia, na kwamba wakikuchukua utajitahidi usiwasumbue.

Nikakuuliza kama unaomba chuo au unaomba radhi.

Ndipo ukanieleza mambo ya huko kwenu, kwamba shuleni anayejisifu wenzake humzomea mpaka ajikunje. Mwalimu wako mkuu alisoma kazi yako yote ya mwaka, akasema "si mbaya", ukaibeba ile "si mbaya" kutoka upande wa pili wa dunia kama medali. Nilitaka nimpigie simu nimpe yake. Ukacheka, ukasema huko hiyo ndiyo sifa ya mwisho, ikizidi hapo wanakuwa wanasoma wasifu wa marehemu.

Nikamwita Wambui aje kutoka Oakdale. Huyu binti wa Nyeri alikuwa anasoma chuo huku anafanya kazi ya kulea wazee, na insha yake ilikuwa imeshafaulu. Alisoma yako amesimama, koti hajavua.

"Aki, uncle, huyu wamemlea vizuri sana," akasema. "Hapa lazima uji-sell. Hakuna haya, hakuna shikamoo. Wanataka kuskia ni wewe nani."

Kisha akakuonyesha mimi kwa kidole, akasema una bahati, mwalimu wa kozi hiyo mnaishi naye nyumba moja.

Asteria, sijawahi kuheshimiwa hivyo. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba mvua iliharibu, lakini kwa wiki zile nilikuwa profesa. Nilivua aproni, nikakuuliza umefanya nini maishani mwako. Ukasema hujafanya kitu. Nikakuuliza tena. Ukasema, basi, kuna ile habari ya visima.

Hiyo habari ya visima ulikuwa umeiweka chini kabisa, mstari mmoja. Kumbe kule kwenye ngano maji ya chini yanapanda na chumvi, yanaua mashamba polepole, na wewe ulikuwa unazunguka kwa baiskeli kwenye visima vya wakulima, kisima baada ya kisima, unapima chumvi na kuchora ramani yake. Wazee wa pale walianza kwa kukucheka, wakaishia kukusubiri getini. Uliandika, "Tulipima visima vya eneo letu."

"Wewe na nani?" nikakuuliza.

"Na... hakuna, Mjomba. Peke yangu."

"Basi andika peke yako."

Ukasema neno hilo lina majivuno. Ukasema pia, ukiangalia meza, kwamba linatia huzuni. Tulibishana mpaka viazi vikaungua. Mwishowe ukaliandika, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Nikasema tayari, sasa hata mimi ningekuchukua.

Kazini kwangu ulikuja mara moja. Nyumbani Matombo wanajua kwamba Bonifasi yuko chuo kikuu, na sijaona sababu ya kuwachosha kwa maelezo zaidi. Ukanikuta nyuma ya kaunta ya bwalo la chuo, na kofia ya wavu kichwani, nawagawia vijana viazi vya kupondwa. Nilijifanya sikuoni. Jioni mama yako alipopiga simu, nikasikia ukimwambia kwa sauti ya upole, "Mama, wanafunzi wanapanga mstari mbele ya Mjomba kila siku. Hawaondoki mpaka awape alichonacho." Hakuna neno la uongo hapo hata moja. Nikajua mwanafunzi wangu amehitimu.

Uliporudi Australia nilianza kupaka rangi chumba cha juu. Bluu, kwa sababu ulisema madirisha ya hapa wakati wa baridi yana rangi moja tu. Nikatafuta kitanda na meza ya kusomea. Nilishakuhesabu kuwa umefika. Nilikuwa nimekusifia chuo cha hapa mpaka nikaishiwa: maktaba yake mtu akipotea ndani hutoka na shahada, ziwa lake lina samaki aliyenivuta na kiti changu mpaka Saint Paul nikasalimia watu njiani. Nilikuwa nakutaka hapa, mwanangu. Nisiizungushe.

Majibu yalipotoka, mama yako alinipigia. Vyuo viwili vimekukubali. Cha hapa, ambapo ungelala kwangu na kufanya kazi ili tusaidiane na ada. Na kile kidogo cha jangwani, New Mexico, ambacho kingekulipia kila kitu, tena kina mwalimu ambaye maisha yake yote anasoma hayohayo maji ya chini ya ardhi. Wewe ulikuwa unaelekea kwangu. Mama yako akasema hawezi kusema kitu, baba yako naye hasemi. "Kwetu mjomba ndiye mwenye neno," akasema. "Sema wewe, kaka. Mtoto anangoja."

Kwa kabila letu ndivyo ilivyo, mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye husikilizwa. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri siku ya kusikilizwa. Nikaja kuona kwamba ikifika haina utamu wowote.

Ulipokuja kwenye simu, kwangu ilikuwa Jumamosi jioni, kwenu Jumapili asubuhi, nasikia ndege wenu wale wanaolia kama watoto wa shule. Nikakwambia nenda jangwani. Nikakwambia hapa maji yamejaa kila mahali, hawana haja ya kuyasomea. Kisha ukasema kile nilichokuwa nakiogopa.

"Na wewe utabaki na nani, Mjomba?"

Nikachota kisima chote cha hadithi. Nikakwambia mbona nyumba imejaa, chumba chenyewe nimeshakipangisha. Nina wapangaji wawili Wakongo. Papa Mulumba wa Lubumbashi, mtu mzima, mkatoliki safi, anakoroma kwa Kifaransa. Na mdogo wake Zozo, mpiga gitaa, anayekula kama gari la mizigo. Nikakwambia Jumapili napika pilau ya sufuria ile kubwa na bado watu wanakwangua ukoko. Kuna hata mama mmoja wa Champlin anayeniletea keki, nisingependa kutaja jina. Ukacheka. Nikasikia pumzi inakutoka. "Haya, Mjomba," ukasema. "Basi nitakwenda."

Sikuombi radhi kwa hilo. Katika hadithi zangu zote, pamoja na ya samaki, hiyo ndiyo iliyofanya kazi.

Ila hukuniambia kwamba utakuwa unawasalimia. Kila ukinipigia kutoka jangwani ni Papa Mulumba hajambo, Zozo amepata kazi. Ikabidi niwatunze. Papa Mulumba nilimpa ugonjwa wa mguu ili asiweze kuja kwenye simu. Zozo nilimtafutia mchumba Chicago, baadaye nikaona nyumba itapungua, nikauvunja uchumba. Krismasi ukawatumia kofia mbili za sufi, ya kijani na ya kahawia. Nazivaa kwa zamu, ili zote zichakae sawasawa. Dereva wa basi la Franklin aliniambia nina kofia nyingi kama tajiri.

Jumapili napika kikombe kimoja cha mchele. Nilijaribu mara moja kupika sufuria kubwa, nikawapelekea majirani. Wakashukuru sana, wakafunga mlango, baridi ni baridi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja watu wa hapa wanaingia ndani na huwaoni mpaka barafu ya ziwani ianze kupasuka. Nakaa nasikiliza bomba la kupasha joto likigonga ukutani. Siku nyingine nalijibu. Halafu napanda ngazi, nafungua chumba cha bluu, natikisa vumbi la shuka, nashuka.

Wiki iliyopita ukanipigia kusema Desemba hii utakuja. Utalala chini sebuleni, ukasema, usiwasumbue wazee. Nami nikaanza kutafuta namna ya kuwahamisha. Ndipo ukaniuliza swali la ajabu.

"Mjomba, Papa Mulumba anavaa viatu namba ngapi? Nataka kumletea vya baridi."

Nikasema namba kama yangu.

"Na Zozo?"

Nikasema hiyohiyo.

Simu ikakaa kimya. Nilikuwa nakiona kile kimya, Asteria. Kilikuwa na macho ya mama yako.

"Basi nitaleta jozi moja tu, Mjomba," ukasema. Kisha ukaniuliza kama nimekula.

Nilijibu nimekula. Nikakata simu, nikakaa jikoni, kwenye kiti kile ulichokalia ukibishana nami juu ya neno moja. Nilikulazimisha uliandike, nikakuambia halina aibu, nikajiita profesa. Mwenyewe nimekaa nalo kooni miaka yote hii kama mwiba wa samaki, na badala ya kulitoa nikawa nalizungushia wapangaji.

Sasa naliandika, mbele ya kanisa zima, kwa herufi kubwa kuliko zako: niko peke yangu, mpwa wangu. Aliyesoma hapa na ana nafasi Jumapili, mlango wangu anaujua, sufuria kubwa bado ninayo. Lakini wewe njoo kwanza.

Chumba kiko wazi, hakijalaliwa na mtu. Meza yako iko dirishani. Kofia ya kijani nitakuja nayo uwanja wa ndege, ya kahawia utavaa wewe, na safari hii nitakuja na makoti mawili, maana lile kaa la moto nadhani limezimika.

Soma vizuri. Wasalimie jangwa na huyo mwalimu wako. Mwambie aliyekufundisha kujisifu ni mtu aliyevuka Mississippi kwa miguu, na hilo, wallahi, ni kweli.

Ni mimi, kaka wa mama yako, anayekusubiri,

Mjomba Bonifasi