Magunia ya Katikati

Kijijini, njia ya Misigiri
15 Februari 1976

Kaka Stefano,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na kifua chake, na shemeji Kristina, mguu umepona? Sisi huku tu wazima kwa mwili, lakini mimi nina hofu. Watu wanaugua hapa kijijini, na nyumba yangu peke yake haijaguswa.

Unajua mimi ndiye mtunza ghala la mtama wa kijiji. Mwezi uliopita paa lilivuja. Mwenyekiti wetu, mzee Mughwai, akataka tujue mtama uliooza ni upi, utupwe kabla ya mgawo. Nikamweleza kwamba njia ya uhakika ni kushusha magunia yote na kumwaga kila moja juani. Akasema palizi imepamba moto, nani ataacha shamba, na mvua ikitukuta nje tutapoteza hata ule mzima. Basi tukakubaliana nitumie bambo, kile chuma chenye mfereji, unachoma gunia na punje zinakutokea kiganjani. Lakini kila tundu linakaribisha fukusi, na magunia mapya hayapatikani. Akaniagiza nichome machache tu.

Nikachoma ya pembeni, niliyoyafikia bila kubomoa rundo. Punje zilitoka safi, kavu. Nikatangaza kwamba ghala ni salama, tukagawa.

Wiki iliyopita kuku wa jirani yetu Felista walikufa baada ya kula pumba. Kisha yeye na wanawe wakaanza kutapika, macho yakawa ya njano. Sasa kila nyumba ila yangu ina mgonjwa, na juzi tumemzika mtoto wa Antipasi. Watu wanauliza kwa nini wanangu mimi bado wanacheza nje. Mke wangu Yunisi ameambiwa kisimani kwamba mumewe ana dawa. Unajua mtu akishasemwa hivyo anafanywa nini huku kwetu. Nikisikia hatua nje ya mlango, nazima taa.

Dawa sina, kaka. Siku ile nilipochoma magunia nilisikia harufu ya ukungu ikitoka katikati ya rundo. Nilijiambia labda ni gunia moja, na bambo halifiki huko, na mzee Mughwai angenifokea kwa kuwatoa watu shambani. Nikanyamaza. Lakini mgawo wangu niliuchukua kwenye magunia yenye matundu. Wenzangu niliwapimia ya katikati.

Nikikaa kimya wataniua kama mchawi. Nikisema, sijui wataniacha kwa sababu gani. Ila mtama ule bado unapikwa, kaka, na jioni hii Felista atawasongea tena wanawe. Alasiri kuna mkutano. Nitasimama niseme.

Yunisi na watoto ndio wanaokuletea barua hii. Nimewaambia wanakuja kumwona mama. Wakae kwako hadi usikie habari zangu, nzuri au mbaya. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Yunisi akishapumzika, msomee. Mimi nilishindwa kumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Melkizedeki