Ukuta wa Uani kwa Bosi

Kaka, nimekwisha. Usicheke kwanza.

Unaukumbuka ule ukuta niliouunganisha na swichi kwenye gemu tunayoitengeneza kazini? Mchezaji akibonyeza, picha ya ukuta safi inatoka, inaingia yenye nyufa. Leo bosi kabonyeza mwenyewe.

Akabonyeza tena. Safi, nyufa. Safi, nyufa.

"Huu ni ukuta wa uani kwangu."

Uani kwake, kaka! Pale ninapomsubirigi binti yake! Nilizipiga picha zile nyufa nikimngoja, nikaona zinafaa.

"Ulifuata nini uani kwangu?"

"Nyufa, mzee."

Nyufa! Ndiyo akili yangu yote! Nikajua kazi imekwenda, na mchumba naye.

Akabonyeza, ukuta ukarudi safi. "Jumapili njoo. Upitie mlango wa mbele."