Mkanda wa Mashine ya Kusaga

Jumamosi, 29 Desemba 2007
Kusaga tangu asubuhi. Madebe yamejipanga mpaka barabarani, wenyewe wamekaa kivulini wakisikiliza redio, matokeo ya kura. Hapa Kiplombe hakuna anayepigania nafasi. Debe likishawekwa kwa laini, limekushikia. Nimekula vumbi la unga. Nimechoka vizuri.

Jumatatu, 31 Desemba
Matokeo yalitoka jana jioni, watu wanasema kura zimeibwa. Moshi kila upande. Nyumba ya Mama Njeri, jirani yangu muuza mboga, imechomwa. Amekimbilia kanisani kwetu na watoto, pamoja na wengine wa kabila lake. Mimi mtu wa ziwani, kura yetu na ya wenyeji ilikuwa moja, hakuna aliyenigusa. Hasira ya kura hata mimi ninayo. Lakini Mama Njeri alihesabu kura gani?

Jumatano, 2 Januari 2008
Maduka yamefungwa. Barabara imejaa mawe. Afadhali nilijaza dizeli kabla ya Krismasi.

Pasta ameleta mahindi ya wale wa kanisani kwa wilbaro. Nikayasaga. Jioni Kiprono akaja na vijana. Kiprono huyo wa kwaya, anayetuanzishia nyimbo! Ati nisisagie "hao watu." Nikamwambia mashine haiulizi mahindi ni ya nani. Alinitazama kama hanijui. Niliogopa, sitajidanganya.

Ijumaa, 4 Januari
Nimetoka kisimani nikakuta mkanda wa mashine umefunguliwa, umeenda. Ni Kiprono na wenzake. Majirani wamewaona, mchana peupe.

Nimelia kwa hasira. Tangu mume wangu afe hii mashine ndiyo imenilisha, sijawahi kuombaomba mtu. Pasta anasema nifunge mashine, tuombe tu, Mungu anaona. Nimemjibu vibaya. Kwenye Baba Yetu tunaomba riziki ya leo, halafu nifunge? Kuomba nitaomba. Na kusaga nitasaga.

Jumamosi, 5 Januari
Nimekata mkanda kutoka kwa tairi kuukuu. Unaruka kila nikiwasha. Nimejikata kidole. Jumatatu nitajaribu tena.

Jumatatu, 7 Januari
Wajinga hao walisahau kitu kimoja. Mama zao pia wanasagia hapa! Leo wamama wamekuja na madebe, mkanda wa tairi umekataa tena, mashine kimya. Wakauliza kuna nini. Nikasema, "Ulizeni vijana wenu." Sikuongeza neno. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Jumanne, 8 Januari
Mama Kiprono amekuja na mkanda chini ya leso. Hakunitazama.

"Mama Atieno, funga huu. Lakini usage mahindi yetu peke yake. Vijana wakisikia umesagia wale wengine, watachoma hapa."

Wajukuu wake hawajaona ugali siku hizi, najua. Nikamwambia debe la kanisani, alilolileta Pasta Ijumaa, lilifika kwanza, liko mbele. Kama hataki, arudi na mkanda wake. Angeondoka nao, hata mimi ningelala njaa, na wale wa kanisani pia. Akautazama mkanda, akalitazama debe. Kisha akaweka debe lake nyuma ya lile la kanisani. Wamama wengine waliokuja nyuma yake wakafuata.

Nimesaga mpaka giza likaingia. Vijana walipita kwa mbali tu. Nani angekuja kuchoma, mama yake amekaa pale mlangoni?

Jumatano, 14 Mei
Mvua. Mama Njeri na wale wa kanisani walihamishiwa kambi ya waliofukuzwa makwao, bado yuko huko, kwenye hema. Hajarudi, na simlaumu.

Leo Kiprono ameleta mahindi mwenyewe, mama yake anaumwa. Amengoja kwa laini katikati ya wamama, kichwa chini. Zamu yake ilipofika, mashine ikinguruma, akasema, "Mama, ni mimi nilitoa ule mkanda." Labda alitumaini sitasikia.

"Najua," nikasema. "Na nyumba ya Mama Njeri?"

Nikazima mashine. Akasema alikuwepo. Kwamba hakuwasha yeye, lakini alikuwepo, na alishika mlango wa zizi ng'ombe wakitolewa. Nilitamani kumpiga kofi. Nilitamani pia kukaa chini nilie. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia mimi si wa kuambiwa maneno hayo, mwenyewe yupo. Kesho napeleka unga kambini, aje anibebee gunia, amwambie yeye.

Nikawasha mashine, nikamalizia mahindi yake. Amesema atakuja asubuhi. Asipokuja nitabeba mwenyewe.