Dua ya Ndege Iliyostaafu

Jumamosi, 12 Julai 2025
Nimeitwa kwenye intavyuu! Alhamisi, kwa video. Nafasi ya mwaka mzima, nje ya nchi, kusomea infraredi — mwanga wa joto, ule ambao macho hayauoni — iliyokusanywa na darubini iliyofungwa ndani ya ndege. Ndege kubwa, ubavuni ina mlango, walikuwa wanaufungua huko huko angani. Wenzetu hawana dogo.
Nimempigia Mama, kule kijijini Mkongo. Alisikia neno ndege, mengine yote kayaacha njiani.

Jumatatu, 14 Julai
Mkongo nzima inajua kwamba Mwalimu Hajira anakwenda kuruka na ndege yenye tundu. Bi Sihaba, jirani yetu, kapiga simu kuuliza nitajishikiza wapi. Mama keshapanga dua ya safari Ijumaa. Hata nafasi sijapata! Sheikh Gharibu kakubali (pilau hajawahi kuikataa).
Ukweli: ndege ilistaafu 2022. Iko makumbusho. Zilizobaki ni data tu, na mimi nikipata nitakaa kwenye kiti, mbele ya kompyuta. Nilitaka kumwambia. Lakini Mama alikuwa anacheka — tangu Baba afariki sijamsikia akicheka vile. Nikanyamaza. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 17 Julai
Imepita. Kidato cha pili niliwapa zoezi refu, nikajifungia maabara. Profesa mmoja mwanamke akauliza kwa nini darubini ipandishwe ndege, isikae tu chini. Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri kwa Kiingereza safi. Likayeyuka! Nikawaambia kwetu bondeni tunalinda mpunga juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, maana chini kuna maji na nguruwe humwoni anatokea wapi. Na hewa ya chini imejaa mvuke, unaimeza infraredi kabla haijafika. Kwa hiyo nao walijenga dungu, ila lao lina injini.
Mmoja akaandika kitu.
Dungu! Mbele ya maprofesa watatu! Majibu kesho, kwa barua pepe.

Ijumaa, 18 Julai
Mkongo. Naandika chumbani, nimejifanya natafuta mtandio. Wageni wamejaa uani.
Nimemwambia Mama jikoni, masufuria mawili ya pilau yakiwa motoni. Ile ndege hairuki tena, Mama. Akageuza pilau. Akauliza ilipokuwa inaruka iliona nini. Nikasema vitu vingi mno, vingine hadi leo hakuna aliyevitazama vizuri.
"Kumbe mpunga umeshavunwa, umo ghalani," akasema. "Wanatafuta wa kutwanga."
Miaka mitatu chuo kikuu, sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Niliona aibu, kisha nikataka kulia.
Nikamuuliza niwaambie wageni?
"Uwaambie nini, na watu wamekuja kuiombea ndege?"
Hapo simu ikatetemeka. Barua pepe, wao! Kabla sijaifungua Mama akanipokonya simu, akaichomeka kiunoni, kwenye khanga.
"Baada ya dua," akasema.
Sheikh Gharibu ameshaanza. Namsikia: Mola ampandishe salama, amshushe salama. Amina, wanaitikia wote. Mama ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, na simu yangu bado iko kiunoni mwake.