Hakuna Aliyeuliza Nani Anafungua Maji

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hadi mwisho hata nikiruka huku na huku, maana kichwa changu siku hizi hakijui kulia wala kushoto, na jambo lenyewe lina tarehe, tarehe mosi mwezi ujao, siku ambayo zege litamwagwa, na likishamwagwa hata ukinijibu kurasa kumi hazitanisaidia.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili, na marehemu mume wangu alikuwa fundi wa maji wa kijiji chetu kwa miaka ishirini na zaidi, watu walimwita Bwana Zamu kwa sababu tangi letu ni dogo na mitaa ni mitatu, wa juu, wa kati na wa bondeni, hivyo kila mtaa hupata maji siku moja kisha husubiri siku mbili, na yeye ndiye aliyekuwa akitoka alfajiri kufunga koki ya mtaa huu na kufungua ya mtaa ule. Koki zote tatu ziko kwenye shimo moja nyuma ya ofisi ya kijiji, zamani lilijengewa kwa tofali na lilikuwa na mfuniko wa chuma, lakini greda la kusawazisha uwanja lilipopita likavunja kila kitu, mume wangu akalazia bamba la jiwe juu yake, akatandaza changarawe, akasema atalijenga upya, hakujenga. Ofisini hakuna mchoro. Wakimwambia achore alikuwa akicheka na kujigonga kifuani, "Ramani ndiyo hii mnayoongea nayo."

Basi akaanza kuumwa, miguu ikavimba, akashindwa kutembea, akanielekeza mimi, zungusha mara saba na nusu, usilazimishe, ukisikia inakoroma iache ipumue kwanza, nikawa naenda na kurudi kumwambia, naye ananiuliza, "Imekoroma?" Namjibu imekoroma, anafurahi kana kwamba kaenda mwenyewe. Akafa, miezi minane sasa, na tulimzika siku ya zamu ya mtaa wa juu, alfajiri iliyofuata ilikuwa zamu yetu sisi wa kati na nyumba imejaa wageni wa msiba wanaohitaji maji, nikaamka, nikachukua ufunguo wa koki, lile lichuma refu lenye mkono juu, nikaenda nikafungua, sikufikiria chochote mshauri, nilienda tu kama mtu anavyokwenda kuwasha jiko.

Nilijua wiki ile ile watakuja kuuliza ufunguo uko wapi. Hawakuja. Na hapa ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji, ambaye sote tunamwita Nitafuatilia maana ndilo jibu lake kwa kila shida utakayompelekea, anaamini kamati ya maji imeweka mtu, kamati ya maji inaamini katibu ameweka mtu, na katibu anaamini mwenyekiti safari hii amefuatilia kweli. Kila miezi mitatu katibu anaandika kwenye taarifa kwamba huduma ya maji inaendelea vizuri, na ni kweli inaendelea vizuri, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza inaendeleaje.

Nimeyajua hayo kwa masikio yangu kwa sababu niko pale pale dirishani kwao na ufagio. Ufagio nao una kisa, nilianza kwenda nao ili nisionekane kichaa ninayezunguka nyuma ya ofisi kabla jua halijatoka, nikishafungua koki narudisha bamba na kufagilia changarawe juu yake, na ili kufagia upande mmoja kusilete maswali nikawa nafagia uwanja wote, hata siku moja katibu akanikuta akasema, "Mama, tangu mwenyekiti akuweke hapa, uwanja unang'aa." Nikasema asante mwanangu. Ningesema nini? Sasa nina kazi mbili na sijaajiriwa hata moja.

Usidhani sikujaribu kusema. Nilimfuata katibu ofisini, nikamwambia, "Mwanangu, nina neno kuhusu maji." Akaniuliza, "Maji yana tatizo, mama?" Nikasema hayana. Akasema, "Basi, mama, tusiyatafutie tatizo." Nikatoka, na nusu ya moyo wangu ilifurahi, nusu nyingine ikanisuta, mpaka leo sijui ni nusu ipi iliyo yangu.

Sasa zahanati. Tumeiomba miaka na miaka, hatimaye imekubaliwa, ramani imepigwa muhuri wilayani, na kwenye ramani hiyo kile kipande nyuma ya ofisi kimeandikwa "kiwanja kitupu". Vigingi vimeshachomekwa, kimoja kiko hatua moja tu kutoka kwenye bamba langu, yaani chumba cha kujifungulia kitalala juu ya koki zote tatu, na siku bomba likipasuka hakuna atakayeweza kufunga, na zamu ndiyo zitakuwa zimekwisha, mtaa wa bondeni watapata yote na wa juu watasikia upepo tu. Nikisema, wataniuliza nilikuwa nafanya nini miezi minane, halafu ramani itabidi irudi wilayani, na huko karatasi ikirudi huwa haina haraka, tunaweza kuikosa zahanati yenyewe, na binti yangu aliyeolewa bondeni ana mimba ya miezi sita. Nikinyamaza, maji yanakauka.

Na lipo lingine, ambalo nimelizungukia tangu nilipoanza kuandika. Miezi mitatu iliyopita wanawake wa mtaa wa juu walikuwa bombani wakisema mjane yule anafagia ofisi ili amnase katibu, katibu ambaye ni rika la mwanangu, mshauri! Nilisikia kila neno, nikarudi nyumbani. Zamu yao ilipofika nikawaruka. Maji yao niliwapa bondeni kwa binti yangu, na mtaa wa juu wakakaa siku tano bila tone, mwenyekiti akawatangazia kwamba ni hewa kwenye bomba na atafuatilia. Baadaye ndipo nikasikia kwamba jirani mmoja wa huko, mzazi wa siku kumi na moja, aliteremka mtoni na ndoo, akateleza, akateguka mkono. Mtoto alikuwa mgongoni. Mtoto hakuumia. Ninamwona mama huyo kila wiki na ananiamkia vizuri kabisa, na kila akiniamkia natamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo nauliza, mimi hapa ni nani? Ni mwizi, ni mfanyakazi wa kijiji, au ni mjane tu asiyejua kukaa nyumbani? Niseme, nisiseme, nikisema nimwambie nani kati ya watu ambao kila mmoja atanielekeza kwa mwenzake? Nimechanganyikiwa, nisaidie.

Mwenye Ufunguo, mtaa wa kati

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole kwa kufiwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu ukurasa wako wote umejaa watu, na sijaona hata mmoja aliyekupa pole tangu wageni wa msiba waondoke.

Barua yako imeruka foleni. Nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimesimama, ya tatu nimekasirika. Viongozi wenu wameniudhi. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi wa kwenu kila mmoja amelala akidhani mwenzake yuko macho. Mtu anaandika taarifa mara mbili nzima kuhusu maji asiyojua nani anayafungua! Na huyo Nitafuatilia akutane nami siku moja, tutafuatiliana vizuri.

Lakini usijifiche nyuma yao. Umeuliza wewe ni nani, nami nitakujibu bila kukupaka mafuta. Miezi minane umewanywesha watu bila ujira wala ahsante, hapo hukuiba kitu. Ulipowaruka mtaa wa juu, uliiba. Usinung'unike, uliiba. Walikusengenya, najua, na walikusengenya vibaya, lakini mwenye kushika koki hana ruhusa ya kununa. Mtoto wa siku kumi na moja hakumsema mtu. Hilo nilipolisoma niliweka miwani mezani, nikaenda kunywa chai kwanza.

Kwa hiyo utaanza hapo, kabla ya ofisi. Leo jioni nenda kwa yule mzazi. Usipeleke zawadi, utaonekana unanunua. Mwambie kwa maneno matatu: nilifunga mimi, nisamehe. Akifoka, sikiliza. Akikusamehe upesi, usidhani umemaliza. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha vya kutosha.

Kesho asubuhi nenda kafungue koki kama kawaida. Ukimaliza, usirudishe bamba. Usifagie. Liache shimo wazi, simama kando yake na ufunguo mkononi, na usubiri ofisi ifunguliwe. Usimfuate mtu. Umeshamfuata katibu mara moja akakurudisha, sasa waje wao. Yeyote atakayekuwa wa kwanza kukuuliza, "Mama, hicho ni nini?", huyo ndiye mwenye akili ya uongozi kijijini kwenu, hata kama ni mpita njia. Mwonyeshe. Zungusha, funga, maji yakatike bombani, watu wapige kelele, kisha fungua tena. Wakishaona kwa macho hawatasema tusiyatafutie tatizo.

Mwenyekiti akisema atafuatilia, mwambie afuatilie hapo hapo, ni hatua kumi kutoka kwenye kiti chake.

Kuhusu zahanati, mimi si mhandisi, lakini nimejenga nyumba na nimezozana na mafundi wanne. Kigingi kinang'olewa kwa mkono na kuchomekwa pengine. Msingi ukishamwagwa, hapo utaita mashine. Aliyeandika "kiwanja kitupu" hakuongopa, hakuna aliyemwambia, na mmoja wa wasiomwambia ni wewe. Jengo likisogea kidogo, wilaya wana wajibu wa kuja kuangalia, na kijiji kina wajibu wa kuwasumbua waje upesi. Waende watu kumi, wakae kwenye benchi la wilayani mpaka muhuri upatikane. Inawezekana ikachelewa. Siwezi kukuahidi kwamba binti yako atajifungulia humo, na nisingependa mtu akudanganye. Ila chumba cha kujifungulia kisicho na maji ni chumba cha kumtishia mzazi tu, bora huyo binti ajifungulie kwa mkunga anayemjua mwenye ndoo iliyojaa.

Wakikuita kikaoni ofisini, usitoke kabla katibu hajaandika kwenye kumbukumbu za kikao mambo haya: shimo liko wapi, koki ni tatu, na aliyezifungua tangu msiba ni wewe. Aandike na ile zamu uliyoruka, utaje mwenyewe asije akaitaja mwingine. Kisha asome kwa sauti mbele ya watu. Hapo ndipo watakapoamua wakupe kazi kwa jina lake au wampe mwingine, na uamuzi wao utaukubali. Kwa vyovyote, kila mtaa utoe mtu mmoja wa kufundishwa. Ufundi wa kukaa kwenye kifua cha mtu mmoja umeshawafikisha hapa, na wewe umekuwa ukiurudia. Kama yule mzazi mkono wake umepona na anataka, mpendekeze awe wa mtaa wa juu.

Mpaka hapo nimejibu uliyouliza. Sasa nisikilize mimi.

Umenieleza koki inazunguka mara ngapi na inakoroma vipi. Kuhusu mumeo kufa umeandika "akafa", ukaendelea na zamu. Husemi kama ulilia. Nadhani hukulia, ulikuwa na koki ya kufungua. Miezi minane umekuwa ukiamka kwenda kumfanyia kazi yake, na kwa njia hiyo umebaki na mgonjwa nyumbani anayesubiri umletee habari. Ndiyo maana nusu ya moyo wako ilifurahi katibu alipokufukuza. Huogopi ofisi wewe. Unaogopa alfajiri isiyo na pa kwenda.

Itakuja, dada yangu. Siku utakayomwachia mwenzako ufunguo ashike zamu ya kwanza, ndiyo siku utakayofiwa. Usiipokee peke yako. Mwite binti yako aje na tumbo lake alale kwako, tena chumba kimoja. Utaamka saa ile ile, miguu itatafuta viatu yenyewe. Usivivae. Mwamshe binti, mwambie baba yake amekufa, kisha mlie wote wawili mpaka kuche.