Walsi Moja kwa Saini Moja

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa wazazi wa safari, ukumbi wa klabu ya makasia. Baridi ya kuuma mifupa na hita moja tu — mbele, miguuni pa Mabel, bila shaka. Mabel ndiye atakayewapeleka wasichana Florida. Anazungumza nasi kama watoto wa chekechea. Begi moja kubwa kwa kila msichana. Wanne chumba kimoja. Koti la kikundi, rangi ya waridi inayoumiza macho, ili asipotee mtu. Mama mmoja akauliza kama bintiye anaweza kubeba mto wake. Mabel akasema hata godoro, mradi liingie kwenye begi.

Maite alicheka. Sijamsikia mwanangu akicheka hivyo tangu Krismasi.

Halafu ikaja karatasi ya mwisho. Ruhusa ya mtoto kutoka nchini. Saini ya mama na saini ya baba, mbele ya wakili. Imfikie Mabel tarehe 17, bila kuchelewa.

Saini ya baba.

Wenzangu waligombania vyumba, nani alale na nani. Mimi nilikaa na karatasi mapajani nikiangalia mstari ule mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Hapa hasomi mtu, kwa hiyo niseme: safari hii ilikuwa ya kumkwepa Wilmar, baba yake Maite. Huku kwetu msichana akitimiza miaka kumi na tano anachagua, sherehe au safari. Sherehe ina walsi, densi ya wawili walioshikana mikono, na walsi ya kwanza ni ya baba. Ukimnyima, mji mzima wa Paysandú utauliza kwa nini. Ukimpa — mimi siwezi kumpa. Maite alikuwa na miaka tisa baba yake alipomvunja kifundo cha mkono. Wa kulia. Mpaka leo chupa namfungulia mimi.

Basi tukasema safari. Hakuna ukumbi, hakuna gauni, hakuna walsi, hakuna Wilmar. Nilijiona mjanja kweli. Kumbe nimekwenda kumpa kalamu mkononi.

Alhamisi, 6 Juni

Wakili wa msaada wa bure. Kijana ana mafua, anapenga kamasi kila baada ya sentensi. Anasema jaji anaweza kumruhusu Maite bila baba, ila lazima baba aitwe, asikilizwe, na Julai mahakama inakwenda likizo. Ndege ni tarehe 6 Julai.

"Lakini alimvunja mkono," nikasema.

Akasema kesi ilikwisha. Bwana alihudhuria mafunzo ya kuzuia hasira, aliomba radhi, kisheria bado ni baba kamili. Kamili! Akanishauri nimwombe kwa upole. Wengi hukubali, mama, wakiombwa kwa upole. Nilitamani kumpiga na faili lake.

Nimempigia Mabel. Hawezi kupita na mtoto asiye na ruhusa, watamrudisha uwanja wa ndege mbele ya wenzake. Amewahi kuliona hilo. Msichana alibaki upande huu wa kioo na koti lake la waridi, wenzake wanampungia. Ingekuwa heri asingenisimulia.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua, kwa hiyo mikate ya kukaanga, kama kila nyumba huku ikinyesha. Nikampigia Wilmar huku mafuta yanapata moto. Muda mrefu sikuwa nimeisikia sauti ile.

Nilikuwa mpole. Upole wangu wa mwaka mzima umekwisha leo. Akaniacha nimalize.

"Nelly, mimi nina binti mmoja," akasema. "Mama yangu kazeeka. Ndugu zangu wananiuliza, mbona hatujaalikwa? Wewe ungewajibu nini?"

"Kwamba hakuna sherehe."

"Basi iwepo. Ndogo tu, nyumbani kwa mama, Jumapili tarehe 16. Walsi moja. Wakili wangu atakuwepo. Nikimaliza kucheza nasaini palepale, watu wote wakiona. Si unaona nilivyo mwepesi?"

"Na asipotaka kucheza?"

"Binti asiyetaka kunishika mkono, mimi nitajuaje anakwenda wapi? Nitasainije?"

Na mimi nisiingie ndani. Hilo alilisema mwisho kabisa, kama mtu anayekumbushia chumvi. Eti sura yangu itamharibia mama yake siku.

Mikate yote imeungua.

Jumapili, 9 Juni

Sijamwambia Maite. Nimesema nina homa, nikalala.

Jumanne, 11 Juni

Anajua. Bibi yake, mama yake Wilmar, amemtumia picha ya gauni. Maite akaja jikoni na simu mkononi.

"Ungeniambia lini?"

"Nisingekuambia. Huendi."

"Siendi wapi? Kwa bibi au Florida?"

Nikachukua sahani iliyokwisha kuoshwa, nikaiosha tena.

"Ni wimbo mmoja, Mama. Kwa daktari wa meno nakaa zaidi ya hapo."

Nikamwambia akikataa hakuna atakayemlaumu, mimi ndio sitamlaumu kabisa. Akasema anajua. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba amechoka sisi wawili kumwamulia kila kitu. Sisi wawili! Kuniweka mimi sentensi moja na Wilmar. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia asisikie.

Ijumaa, 14 Juni

Ameniomba tufanye mazoezi. Tukasogeza meza, mimi nikawa mwanamume. Nilipomshika mkono wa kulia ukakakamaa — mkono wenyewe, yeye hakutaka. Tukaanza upya. Ukakakamaa tena.

"Usishike hapo. Shika vidole tu."

Nikamuuliza, na baba yake atajua kushika vidole tu?

"Nitamwambia."

Mtoto anapanga namna ya kumwelekeza mtu aliyemvunja. Namchukia Wilmar, namchukia na yule kijana wa mafua. Najichukia na mimi, kwa sababu naitaka hiyo saini. Naitaka sana. Nataka apande ile ndege aone bahari ambayo baba yake hajawahi kuiona.

Jumapili, 16 Juni

Ndani ya gari la Mabel, mbele ya nyumba ya bibi yake Maite, upande wa pili wa barabara. Mabel amejitolea kunileta; sikulitegemea hilo. Naandika ili mikono ifanye kazi. Vioo vimejaa ukungu, nafuta, vinajaa tena.

Wilmar alikuwa getini, suti ya kijivu, kanyoa ndevu. Kanipungia mkono. Maite aliingia bila kugeuka. Gauni linambana mabegani, bibi alikisia tu kipimo. Wakili wa Wilmar kaingia na mkoba.

Muziki umeanza. Wanapiga makofi kufuata mdundo.

"Wimbo mfupi huo, shoga," Mabel kasema. "Sasa hivi unaisha."

Umeisha. Vifijo, mtu kapiga mluzi. Nimehema.

Unapigwa tena. Mabel anasema ni zamu ya baba wadogo, si ndiyo kawaida, baba kwanza kisha ndugu zake. Labda. Namwangalia, naye anaangalia usukani.

Umeisha tena. Makofi machache safari hii.

Simu. Maite: "Ilikuwa yeye tena. Anasema haihesabiki, nilikuwa naangalia chini. Hajasaini. USIINGIE."

Nimemsomea Mabel. Alikuwa amenishika mkono wa koti nisishuke, ameuachia. Mkono wangu mmoja uko kwenye kitasa cha mlango, na ndani wimbo umeanza mara ya tatu.