Bao Lililofungwa Nyuma Yangu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi imepungua kidogo.

Kaa kitini kwanza. Timu yetu ya taifa inakuja kucheza huku! Tarehe kumi na nne, kwenye uwanja huuhuu ninaolinda. Unajua tangu niajiriwe napanga magari nje tu, mechi naisikia kama mtu asiyealikwa anavyosikia harusi ya jirani. Sasa msimamizi kaniambia siku hiyo nitakuwa ndani, nyuma kabisa ya goli. Nilitamani kumbusu, ila ana ndevu nyingi mno.

Waambie wateja wako wote. Nitavaa kizibao cha njano. Miaka minne, baba, sijamwona mtu wa kwetu akigusa mpira mbele ya macho yangu.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima, goti lina maneno yake lakini nani analisikiliza.

Dada yako alinionyesha barua yako kwenye simu nikiwa nimemnyoa mteja nusu kichwa. Nikaisahau nusu ya pili, nikakimbia kumwambia fundi viatu. Mteja naye akanifuata barabarani na kitambaa shingoni, watu wakadhani tunapigana.

Nimeazima televisheni kubwa ya mwalimu mkuu. Mabenchi yapo. Fundi viatu anasema hutaonekana, eti kamera hazina shida na walinzi. Nimemwambia asubiri. Mama yako anauliza kama ukionekana na wewe utatuona. Nimemjibu ndiyo, maana sikutaka ugomvi.

Barua hii dada yako ataipiga picha akutumie, kama kawaida. Mimi na kuchapa kwenye simu hatuelewani.

Baba yako

15 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Tulikuona. Duka langu la kunyolea lilijaa mpaka mlangoni, mama yako kavaa gauni alilolivaa kwenye harusi ya dada yako. Wimbo wa taifa ukapigwa, kamera ikapita nyuma ya goli, na mimi nikakutambua kwa kisogo. Nimekinyoa kisogo hicho tangu ukiwa mchanga, siwezi kukikosea. Umeupa uwanja mgongo, unatazama majukwaa. Nikawaambia watu, ngojeni, atageuka.

Hukugeuka. Kipindi cha pili tukafunga bao, tena kwenye goli lako. Watu wakarukiana, kofia yangu sijaiona mpaka leo. Wakalirudia bao mara tatu, na mara zote tatu wewe upo pale, mgongo kwetu, hata bega halitikisiki.

Fundi viatu akasema, "Kinyozi, kijana wako keshahamia timu nyingine." Watu wakacheka. Mimi nilitafuta pa kuficha uso.

Kama umeshakuwa mtu wa huko, si kosa. Lakini ungeniambia kabla sijaalika mtaa mzima.

Baba yako

30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Hujajibu, na dada yako anasema barua umeifungua.

Niliandika nikiwa na hasira. Mama yako siku hizi haongei nami ila kuhusu chumvi. Tafadhali, andika hata mstari mmoja tujue u mzima.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, usiwe na wasiwasi. Msalimie mama, mwambie nakula vizuri.

Unisamehe kwa kimya. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikashuka kituo kisicho changu. Nimeanza kukujibu mara nyingi, kila nikiisoma naona najitetea tu, nafuta.

Baba, mlinzi wa uwanjani hatazami mpira. Anatazama watu: nani anataka kuruka uzio, nani anarusha chupa. Nilipokuwa kwenye magari sikulijua hilo. Walituambia siku yenyewe, tumeshavaa vizibao: atakayegeuka, anavua palepale na kazi imekwisha. Na kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii. Nikasimama.

Wimbo wetu ulipigwa nyuma yangu, nikauimba mdomo umefungwa. Mbele yangu lilikuwa jukwaa la watu wetu, sijui wote hao walitokea wapi. Mama mmoja mtu mzima, kajifunga skafu ya rangi zetu, akaona machozi yananitoka.

"Wewe wa kwetu?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na hawakuruhusu kugeuka?"

Nikatikisa kichwa. Basi tangu hapo akawa mtangazaji wangu. "Tunao mpira, mwanangu. Aa, wametunyang'anya. Tunao tena!" Kipindi cha pili, katikati ya kunitangazia, akanyamaza ghafla, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nikasikia nguzo ya goli ikilia nyuma yangu. Jukwaa zima likasimama. Yule mama alikuwa analia, hakuweza tena kuniambia kitu.

Sijawahi kuipenda timu yetu kama siku ile, na ndiyo siku niliyoonekana nimeikana.

Bao lenyewe sijaliona. Wenzangu wanalo kwenye simu zao, wakitaka kunionyesha nakataa. Nataka unisimulie wewe, baba.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe. Nilikuhukumu kwa kisogo.

Barua yako nimewasomea watu walewale, dukani. Fundi viatu alitaka kusema kitu, lakini wembe wangu ulikuwa shavuni mwake. Amesema tu nikusalimie. Mama yako ameanza kuongea, na sasa hanyamazi, anataka yule mama wa skafu atafutwe ashukuriwe.

Haya, sikiliza. Yale mabao mawili waliyofunga wao sina la kusimulia. Nasimulia la kwetu.

Mpira ulianzia kwa beki wetu mrefu, yule anayekimbia kama kabeba ndoo kichwani. Akampa winga wa kushoto, kafupi, nywele kanyolewa vibaya, sijui nani alimharibu vile. Winga akasimama. Kasimama, mwanangu, mpira mguuni, kama anangoja chenji! Beki wao wa kwanza akamvamia, winga akampita. Wa pili akaanguka mwenyewe. Hapo dukani hakuna aliyekuwa amekaa. Akapiga krosi ya chini. Nahodha wetu alikuwa amechelewa, kila mtu aliona hataufikia. Akajirusha. Ukamgusa ncha ya kiatu, ukagonga nguzo, ukarudi ndani ukizunguka, polepole, polepole, kipa wao amelala anautazama tu. Ukavuka mstari. Ukaenda kutulia wavuni, hatua chache kutoka kwenye visigino vyako.

Sasa umeliona. Hapo ulipo msimamizi hayupo. Shangilia, mwanangu.

Baba yako